Je, Kukata Tamaa ni Dhambi?



Siku hizi tumepokea barua kutoka ng'ambo ya ghuba, upande wa Kamanga, imeandikwa kwa mkono katika karatasi mbili za daftari la shule. Aliyeiandika ni mama Mkristo, mjane, na kwa heshima yake hatutamtaja jina wala kigango chake. Ametuomba tumjibu gazetini badala ya kumwandikia nyumbani, kwa kuwa, asema, wako wengi wenye shida kama yake wasio na ujasiri wa kuuliza. Nasi tunamtii.

Habari yake ni hii. Mwanawe wa pili alivuka kwenda visiwani kuvua dagaa, na sasa ni mwaka wa nne hajaleta salamu. Wako wanaosema wamemwona, wengine wasema alihamia kisiwa kingine, na wengine hawasemi neno. Siku moja jirani alipomwuliza habari za kijana, mama huyu alijibu kwa uchungu: "Huyo nimekwisha mkatia tamaa. Hata Mungu sijui kama ananisikia." Mwenzake mmoja wa jumuiya, mtu mwema asiyemtakia mabaya, akamwonya pale pale kwamba kukata tamaa ni dhambi juu ya Roho Mtakatifu, na kwamba dhambi hiyo haisamehewi kamwe. Tangu siku ile, nayo ni miezi saba, mama huyu haungami wala hakomuniki. Huenda Misa kila Dominika, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wenzake wanapoinuka kwenda kupokea, yeye huinamisha kichwa. Mwishoni mwa barua ameuliza: "Je, Padre, kwa mtu kama mimi bado kuna njia?"

Kwa kawaida ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kwa mistari michache. Lakini hapa neno moja la Kiswahili, lililotamkwa pasipo kupimwa na kuhukumiwa pasipo kupimwa, limemtenga mwana wa Kanisa na meza ya Bwana kwa miezi saba. Jambo hilo si dogo. Kwa hiyo jibu tunalitanguliza, na maelezo yatafuata: Mama, njia ipo, wala haikufungwa hata siku moja. Nenda ukaungame Jumamosi hii. Sasa na tueleze kwa nini twathubutu kusema hivyo.

NENO LENYEWE

Kiswahili ni lugha tajiri katika mambo ya moyo. Mtu aliyelemewa aweza kusema kwamba amechoka, amelegea, amehuzunika, amevunjika moyo, amekufa moyo, amekatishwa tamaa, au amekata tamaa. Katika mazungumzo ya kila siku twayachanganya maneno hayo kana kwamba yote ni neno moja. Simama asubuhi gatini Kamanga ukingojea kivuko cha kwenda Mwanza, na hilo la mwisho utalisikia kabla jua halijapanda. Mama mwenye matenga ya samaki autazama msururu wa magari, asema amekata tamaa ya kuwahi soko. Kijana mwenye bahasha ya vyeti asema amekata tamaa ya kupata kazi. Mzee anayempeleka mkewe hospitali ya Bugando asema amekata tamaa, kwa kuwa huu ni mwezi wa tatu wa kwenda na kurudi. Wote watatu wametumia neno moja, lakini kila mmoja ana jambo lake. Wa kwanza amechelewa. Wa pili amevunjika moyo. Wa tatu amefika mwisho wa nguvu zake, na hata hivyo, tazama, angali amemshika mkewe mkono akimpandisha kivukoni!

Na tuyapime maneno haya. "Kuvunjika" ni jambo linalompata mtu. Chungu kikianguka huvunjika; hakikujivunja chenyewe. Tawi huvunjika kwa dhoruba. Ndivyo ulivyo moyo wa mtu aliyefiwa, au aliyefukuzwa kazi, au aliyeona mahindi yake yakikauka kabla ya kuzaa. Moyo wake umevunjika pasipo yeye kutaka. Kufa moyo nako ni vivyo hivyo: nguvu ya ndani imezimika, kama taa iliyoishiwa mafuta. Mambo hayo ni mateso. Twayaonea huruma, twayaombea, twayatafutia dawa; hatuyaiti dhambi.

"Kukata" ni tendo la namna nyingine. Anayekata ameshika kisu. Twasema kukata kamba, kukata mti, kukata shauri. Na katika kukata shauri mtu amekwisha kupima, akachagua, akamaliza. Basi kukata tamaa, kwa maana yake kamili, ni jamaa yake kukata shauri. Mtu aishika kamba imwunganishayo na msaada, akaikata kwa mkono wake mwenyewe, akisema: imekwisha. Mtu akisema tamaa yake imekatika, aeleza lililompata. Akisema ameikata, aeleza alilolitenda. Nasi twajua jinsi ulimi wa mtu mwenye uchungu unavyolirukia neno la pili, hali moyoni mwake kuna la kwanza tu.

Tena liko jambo la kutazamwa juu ya neno "tamaa". Limetoka katika Kiarabu, nalo lina nyuso mbili. Likiwa peke yake, mara nyingi halina sifa njema. Wahenga walituonya kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Na katika amri ya tisa na ya kumi Mungu atukataza kumtamani mke wa mwenzetu na mali yake. Mtu akiambiwa kwamba ana tamaa, hakusifiwa. Lakini katika "kukata tamaa" neno hilo hilo lavaa uso wa pili, yaani tumaini. Kwa hiyo kila tusikiapo mtu akisema amekata tamaa, yatupasa kumwuliza kwanza: tamaa ya nini? Mwizi akikata tamaa ya kumwibia jirani, heri yake. Mama akikata tamaa ya kuwahi soko, ametazama saa tu. Dhambi haimo katika herufi za neno. Twaitafuta katika kile kitu ambacho mtu amekikata.

MAFUNDISHO YA KANISA

Tangu tulipojifunza Katekisimu twajua kwamba fadhila za Kimungu ni tatu: imani, matumaini na mapendo. Kwa matumaini twangojea kutoka kwa Mungu uzima wa milele na neema za kuufikia, si kwa sababu sisi tu hodari, bali kwa sababu Yeye ni mwaminifu. Dhambi mbili huipinga fadhila hiyo. Ya kwanza ni kutumaini ovyo, yaani kudhani kwamba tutaokoka bila kutubu na bila kujitahidi. Ya pili ni kukata tamaa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaeleza katika namba 2091 kukata tamaa ni nini: ni mtu kuacha kutumaini kwamba Mungu atampa wokovu wake, au msaada wa kuufikia, au msamaha wa dhambi zake. Ona jinsi mipaka ilivyowekwa wazi. Haikutajwa kazi, wala mvua, wala mtoto aliyepotea, wala ugonjwa usiopona. Limetajwa jambo moja tu: mtu kuacha kuutumainia wema wa Mungu wenyewe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza kama dhambi hiyo ndiyo kubwa kupita zote. Alijibu kwa utaratibu wake. Kwa asili yake, alisema, kumchukia Mungu na kukataa imani ni dhambi kubwa zaidi, maana hizo zamwelekea Mungu mwenyewe. Lakini kwa upande wetu wanadamu, kukata tamaa ndiko kwenye hatari zaidi, kwa kuwa tumaini ndilo linaloturudisha kutoka katika uovu. Likiondoka, mtu hujitupa katika maovu bila breki. Mvuvi ajua maana ya maneno hayo. Mtumbwi uliotoboka waweza kuzibwa, na kasia lililovunjika laweza kuchongwa jipya. Lakini mtu akiiacha nia ya kufika pwani, mtumbwi ulio mzima nao haumfai kitu.

Na ile dhambi juu ya Roho Mtakatifu? Ni kweli kwamba katika orodha ya zamani, ile waliyoikariri babu zetu, kukata tamaa ya kuokoka kumehesabiwa humo. Ni kweli pia kwamba Bwana Wetu alisema neno zito juu ya dhambi isiyosamehewa. Lakini Kanisa limefundisha daima maana yake. Huruma ya Mungu haina mpaka, wala hapana kosa linaloshinda nguvu za Damu ya Kristo. Asiyesamehewa ni yule anayeukataa msamaha wenyewe, akashupaa hivyo mpaka kufa. Mfano wake ni mgonjwa anayekaza meno asimeze dawa. Dawa ipo, mganga yupo kando ya kitanda, kikombe kiko mdomoni. Kilichofungwa ni kinywa cha mgonjwa. Siku atakapokifungua, hata kama ni saa ya mwisho, dawa itaingia. Basi mtu anayeuliza kwa machozi, "Je, bado kuna njia?" amekwisha kufungua kinywa. Aliyekata tamaa kwa maana ya Katekisimu haandiki barua ya karatasi mbili kuuliza njia.

USIKU MMOJA, WATU WAWILI

Maandiko Matakatifu yatupa mfano ulio wazi. Usiku ule Bwana Wetu alipokamatwa, mitume wawili walianguka vibaya. Yuda alimwuza. Petro alimkana mara tatu, mara moja mbele ya kijakazi tu. Na Yuda, tusimdhulumu, alifanya mambo ambayo wengi wetu hatuyafanyi: aliona kosa lake, akalikiri waziwazi mbele ya wakuu, na ile fedha akairudisha yote. Alikosa jambo moja. Hakurudi kwa yule aliyemkosea. Petro hakuwa na fedha ya kurudisha, wala maneno ya kujitetea. Alitoka nje akalia. Lakini alibaki na wenzake, na Jumapili asubuhi, habari ya kaburi tupu ilipofika, alikuwapo akakimbia kwenda kuona. Kilichowatenga wawili hao ni njia aliyoishika kila mmoja baada ya kuanguka. Ukubwa wa makosa yao haukuwatenga. Tena Kanisa, ambalo limewatangaza watakatifu maelfu, halijamtangaza mtu hata mmoja kwamba amepotea milele, hata Yuda. Mama anayewaweka watoto wake mikononi mwa Mungu namna hiyo hatufundishi kumkatia mtu yeyote tamaa.

Mtazame tena nabii Elia. Alikuwa shujaa wa Mungu, akakimbia jangwani kwa kumwogopa Yezabeli, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Moyo wake ulikuwa umekufa kabisa. Mungu alimfanya nini? Hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Kisha ndipo akapewa safari. Wazazi na viongozi wa jumuiya, na tulishike fundisho hili. Mtu aliyevunjika moyo huhitaji kwanza usingizi, chakula na mtu wa kuketi naye. Mahubiri yaweza kungoja.

Na kuhusu yale maneno ya mama wetu, "Hata Mungu sijui kama ananisikia," tumwambie wazi kwamba asiyaogope mno. Zaburi nyingi zimejaa malalamiko ya namna hiyo, na Kanisa lazisali kila siku. Bwana Wetu mwenyewe msalabani alilia kwa maneno ya zaburi ya mtu aliyeachwa. Kunung'unika mbele ya Mungu ni kuzungumza naye bado. Mtoto anayelia kwamba babaye hamjali, amlilia baba huyo huyo.

WANAOOSHA NYAVU

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa tuna Injili yetu wenyewe. Mtakatifu Luka asimulia katika sura ya tano jinsi Simoni na wenzake walivyovua usiku kucha wasipate kitu. Jambo hilo halihitaji kuelezwa huku kwetu. Tumewaona mara nyingi vijana wa dagaa wakirudi alfajiri, taa zimezimwa, macho mekundu, na ndani ya mtumbwi hamna hata cha kitoweo. Lakini Mtakatifu Luka ameweka neno dogo ambalo wengi hulipita. Asema kwamba Yesu alipofika, wavuvi walikuwa wameshuka wakiosha nyavu zao.

Mvuvi aliyekata tamaa haoshi nyavu. Huziacha zioze, au huziuza. Anayeziosha, hata akiwa na uchungu, hata akilalamika, ana nia ya kurudi majini. Simoni alikuwa amechoka, moyo wake umevunjika, naye alisema hivyo waziwazi kwa Bwana. Lakini mikono yake ilikuwa ikiosha nyavu. Na Bwana hakudai zaidi ya hapo. Aliichukua mikono ile iliyochoka, akaituma tena kilindini.

Basi tunamwuliza mama yetu: hiyo miezi saba, wewe umefanya nini? Katika barua yake amejibu mwenyewe bila kujua. Asema huenda Misa kila Dominika. Asema kila jioni humtaja kijana wake katika Rozari. Asema shati lake la kanisani bado hulifua na kulianika, lisije likaliwa na mende. Mama, hizo ni nyavu, nawe unaziosha. Ulimi wako ulisema umemkatia tamaa. Mikono yako haikusema hivyo.

Historia ya dini katika nchi hii ya Ziwa nayo yatufundisha jambo hilo. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Buganda mwaka 1879, Padre Lourdel na Bruda Amans wakitangulia kwa mtumbwi kutoka pwani hii yetu ya kusini. Novemba 1882, kwa sababu ya hofu na hatari zilizokuwa zimewazunguka, iliwabidi kuondoka. Machoni pa wanadamu kazi ile ilikuwa imekwisha. Walivuka Ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Bukumbi, katika ghuba hii hii. Hawakuelewa Mungu alikusudia nini, lakini hawakulipa Ziwa kisogo. Na huko nyuma wale wachache waliokuwa wamebatizwa waliendelea kusali na kufundishana pasipo padre. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyebatizwa mwaka 1882, akawa kiongozi wa wenzake katika jumba la mfalme. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta kundi limekua wao wasipokuwapo. Katika kundi hilo walitoka Mashahidi wa Uganda, 22 kwa hesabu, ambao Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Lakini hapa yatupasa kusema kweli, tusije tukawauzia watu faraja ya uongo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Tarehe 22, wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja wa mitambo akiwa hai kutoka ndani ya chombo kile, alipokuwa amenusurika mahali palipobaki hewa. Nchi nzima ilishangilia. Yafaa tukumbuke mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: kama wale wapiga mbizi wangalisema imekwisha, mtu yule angalikufa. La pili: jamaa nyingi zilizosimama pwani siku zile hazikumpokea mtu wao akiwa hai, ingawa ziliomba kwa imani ile ile. Matumaini ya Kikristo hayatuahidi kwamba chombo hakitazama. Hayamwahidi mama wetu kwamba kijana atabisha hodi wiki ijayo. Yanatuahidi kwamba hapana kilindi ambacho mkono wa Mungu haufiki, na kwamba aliyemkabidhi mwanawe kwa Mungu hakumpoteza, awe visiwani, awe mahali asipopajua mtu. Mungu hamtupi mja wake. Ahadi hiyo ndiyo isiyoruhusiwa kukatwa. Nyingine zote ni matarajio yetu, nayo huja na kwenda kama upepo wa Ziwa.

KATIKA NYUMBA ZETU

Kutokana na hayo twaziomba jamaa za Kikatoliki kushika mambo manne.

Kwanza, tupime maneno. Mtoto asipofaulu hesabu, tumfundishe kusema kwamba amevunjika moyo au amehuzunika, na neno zito tuliweke mahali pake. Anayetaja kila siku kwamba amekata tamaa, siku moja moyo wake waweza kuanza kuusadiki ulimi. Na sisi wasikilizaji tusiwe wepesi kuhukumu neno lililotoka katika uchungu. Yule mwenzake aliyemwonya mama huyu alikuwa na nia njema, lakini alimpa nusu ya fundisho, na nusu ya fundisho yaweza kuua kama dawa iliyopimwa vibaya. Ukiona ndugu amesema neno la kutisha, muulize kwanza lililompata. Kama jambo lakushinda, mpeleke kwa padre au kwa katekista, naye asiende peke yake.

Pili, tujihadhari na dhambi ya kukatisha wengine tamaa. Lugha yenyewe yatuhukumu hapa. Katika "kukatishwa tamaa" yuko mtu wa pili aliyetia kisu mkononi mwa mwenziwe. Baba anayemwambia mwanawe kila jioni kwamba hafai kitu, mwalimu anayemcheka mtoto mbele ya darasa, mume anayemtupia mkewe aibu za mwaka juzi, padre anayempokea muungamaji kwa ukali, hao wote wamenoa kisu. Sisi mapadre twajitaja humo kwa makusudi. Mtu aliyechukua miaka 10 kupata ujasiri wa kuja kuungama, neno moja la hasira laweza kumrudisha nyuma kwa miaka mingine 10.

Tatu, tusimkatie mtu tamaa. Mlevi, binti aliyetoroka, ndugu aliyeasi dini, kijana aliyepotea visiwani: twaweza kuwaonya, twaweza kuwanyima fedha ya pombe, twaweza hata kufunga mlango usiku kwa usalama wa watoto. Lakini majina yao yasitoke katika sala ya jioni. Mtakatifu Monika alimwombea mwanawe Augustino kwa machozi miaka mingi. Na huyo ndiye aliyekuwa askofu na mwalimu wa Kanisa.

Nne, tutambue ugonjwa. Waganga watufundisha kwamba iko huzuni nzito, iitwayo sonona, inayomwondolea mtu usingizi, hamu ya kula na hata haja ya kuishi. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Mwenye hali hiyo apelekwe hospitali pasipo kuona haya, na jamaa wasimwambie kwamba amekosa imani. Kwa wale ambao ugonjwa na mateso yaliwafikisha hatua ya kujitoa uhai, Kanisa lafundisha kwamba uzito wa mateso waweza kupunguza hatia, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao wa milele. Lawaombea. Nasi tuwaombee, na jamaa zao tusiwanyooshee vidole.

Mwaka Mtakatifu wa 2025, Baba Mtakatifu Fransisko alituita sote kuwa mahujaji wa matumaini, na yeye mwenyewe akaimaliza safari yake hapa duniani katika mwaka huo huo, tarehe 21 Aprili. Hija haimalizwi na mtu asiyechoka kamwe. Humalizwa na mtu anayeinuka tena baada ya kuketi.

Sasa, mama, tumerudi kwako. Jumamosi hii nenda kwa paroko wako. Usitafute maneno makubwa. Mwambie yaliyokupata, na maneno uliyoyasema, kama ulivyotuandikia sisi. Kama katika uchungu ule ulimkosea Mungu, atakusamehe; kama hukumkosea, atakufariji. Dominika usikae benchi la nyuma. Inuka pamoja na wenzako uende kumpokea Bwana, kwa maana ndiye mkate ule aliopewa Elia, na safari yako bado ni ndefu. Na yule mwenzako wa jumuiya umsalimie kwa upendo, wala usimwekee kinyongo.

Nasi tuna neno moja kwa kijana. Twajua kwamba magazeti husafiri njia za ajabu. Huenda ukurasa huu ukakufikia kambini umefungia chumvi au maandazi. Kama wewe ni mtoto wa mama fulani aliye upande wa Kamanga, nawe huna fedha, au umeona aibu, au wadhani miaka minne imekwisha kukufuta nyumbani, jua kwamba hukufutwa. Shati lako limefuliwa. Pata simu ya mtu, umpigie mama yako leo.

Maria Mtakatifu, uliyesimama chini ya msalaba wengine walipokimbia, utuombee.